Alama Tatu Zilizobaki

Haskew, Alabama
14 Machi 2018

Mwanangu Cordell,

Barua yako imefika Jumatatu. Nimeisoma nimesimama mlangoni na viatu vya kiwandani miguuni, nanuka kuku mwili mzima. Nilipofika pale uliposema umepata mia arobaini na saba na wao wanataka mia hamsini, nikakaa kwenye ngazi. Alama tatu. Nilidhani nitalia, nikajikuta nacheka, maana nilikukumbuka ulivyokuwa ukikosa basi la shule kila asubuhi kwa hatua tatu, shati halijafungwa, mkate mdomoni.

Sasa nisikilize. Siku hiyohiyo imekuja karatasi kutoka ofisi ya magereza. Jina lako limo kwenye orodha ya kuhamishiwa Marlow. Cordell, Marlow ni dakika arobaini kutoka mlangoni kwangu. Huko Tallow Creek ni saa sita kwenda na sita kurudi, na kwa miaka tisa nimekuona mara kumi na saba. Marlow nitakuja kila Jumamosi. Na wanasema kule watu hawachomani visu kama huko.

Kwa hiyo nakuomba usiurudie huo mtihani wa kuingia shule ya sheria. Mimi niliishia darasa la nane. Kuzaa mtoto aliyekosa shule ya sheria kwa alama tatu kunanitosha, naitembeza habari hiyo kanisani kama kofia mpya. Saini ya kuhama, uje karibu.

Swali ulilonitumia la mazoezi nimelijibu. Kila mpishi anayechelewa hufukuzwa, Otis hakufukuzwa, je, Otis alichelewa? Nasema alichelewa, tena sana, ila mjomba wake ndiye mwenye hoteli. Hapa kiwandani tunao akina Otis wanne.

Halafu umeandika kwamba siku ya mtihani kulikuwa na kelele kidogo nje. Kelele gani?

Mama yako,
Earlene

*

Tallow Creek
25 Machi 2018

Mama,

Simu za bwenini bado zimekatwa, kwa hiyo tuendelee kuandikiana. Jibu lako la Otis si sahihi, lakini nimewasomea wenzangu na bweni zima limecheka. Mzee Hubert amesema wewe ndiye uende shule ya sheria. Otis hakuchelewa, Mama. Kwenye mtihani huu huruhusiwi kuleta mambo ya nje. Mjomba hayumo kwenye karatasi, basi hayupo duniani.

Nakutumia aina nyingine. Hii wanakupa hoja, halafu wanakuuliza inakalia nini bila kusema. Kila hoja ina kitu imekikalia kama kuku alivyokalia yai. Ukilipata yai umeipata hoja. Sikiliza: "Barabara mpya ni fupi kuliko ya zamani. Kwa hiyo tukipita barabara mpya tutafika mapema." Imekalia nini?

Sasa kuhusu Marlow. Ningependa kukuona kila Jumamosi, unajua hilo. Lakini ruhusa ya kufanya mtihani gerezani niliipata hapa tu, kwa sababu ya Bi Odom, mwalimu wetu wa maktaba, aliyewaandikia watu mwaka mzima mpaka wakachoka naye. Marlow hakuna mwalimu na hakuna ruhusa. Mtihani unaofuata ni tarehe 11 Juni. Nikipata mia hamsini, kile chuo kitanifundisha kupitia skrini, humuhumu ndani. Nina mpaka mwisho wa Mei kusema nahama au nabaki. Sijaamua. Nikilala naamua kubaki, nikiamka naamua kuhama.

Kelele zile, watu wawili waligombania kiti. Usiwaze.

Cordell

*

Haskew
3 Aprili 2018

Cordell,

Usinidanganye. Nilikulea peke yangu na najua uongo wako unavyotembea, unaanza na neno "usiwaze".

Leo Bi Lucinda, anayesimama pembeni yangu kwenye mkanda wa kukatia kuku, amerudi kutoka kumwona mwanawe Jerome huko kwenu. Amenieleza. Mtu aliuawa kwenye mlango wa maktaba mkiwa ndani mnafanya mtihani. Alichomwa mpaka akashindwa hata kupiga kelele, akawa anakwaruza mlango. Bi Odom alifunga kwa ufunguo kwa sababu ndivyo amri yao ilivyo, na saa ya mtihani ikaendelea. Damu ikaingia chini ya mlango mpaka kwenye kiti chako. Jerome anasema uliinua miguu ukaiweka juu ya chuma cha kiti na ukaendelea kuandika.

Ukaendelea kuandika, mwanangu.

Na amesema jingine. Kwamba Dwight Purcell, mnayemwita Nyundo, ametangaza anayefuata ni wewe, kisa ni makaratasi ya rufaa uliyomwandikia na mahakama ikayatupa. Nilikata glavu yangu mpaka kidoleni nikisikiliza. Msimamizi alisimamisha mkanda, akaniuliza nina nini. Nikasema sina kitu.

Mzee wa duka mliyemvamia ulipokuwa na miaka kumi na tisa hatafufuka ukiwa mwanasheria. Hata ukiwa maiti hatafufuka. Saini ya kuhama.

Yai la ile barabara: wamechukulia kwamba barabara mpya haina foleni.

Mama

*

Haskew
8 Aprili 2018

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Gereza, Tallow Creek

Mheshimiwa,

Mimi ni mama yake Cordell Bascombe. Samahani kwa mwandiko, mkono wangu una kidonda. Nimesikia kuna mtu anaitwa Dwight Purcell anataka kumwua mwanangu. Nakuomba sana umweke mbali naye mpaka atakapohamishwa. Cordell ni kijana mzuri, anasoma, anafundisha wenzake kuandika. Bado anapenda mkate wa mahindi wa moto na kila barua ananiuliza kama naupika. Ni wangu wa pekee. Najua una watu wengi wa kuangalia lakini mimi nina huyo mmoja.

Nisamehe kama nimekosea njia ya kuandika.

Wako kwa heshima,
Earlene Bascombe

*

Ofisi ya Mkuu wa Gereza, Tallow Creek
16 Aprili 2018

Bi Bascombe,

Barua yako ya tarehe 8 imepokelewa. Suala hilo limekabidhiwa kwa maafisa wa bweni husika kwa hatua zinazofaa.

Kwa niaba ya Mkuu wa Gereza

*

Tallow Creek
29 Aprili 2018

Mama,

Sijambo. Nimeanguka bafuni, bega limeumia kidogo. Wamenipa chumba cha peke yangu, kimya, kizuri kwa kusoma. Usiwaze.

Barabara umepata.

C.

*

Haskew
6 Mei 2018

Mwanangu,

Nimeiweka barua yako mezani siku nzima, naizunguka kama mbwa mgeni.

Umeandika kwa mkono wa kushoto. Herufi zako zimelalia upande usio wao. Cordell, miaka ishirini na miwili nakata mabega ya kuku. Najua kisu kikiingia hapa bawa linaanguka, kikiingia pale linabaki likining'inia. Mtu akianguka bafuni anaumia kiwiko, anaumia nyonga, anapasuka kidevu. Bega haliachi kuandika kwa sababu ya sakafu.

Nami nina la kukuambia, na nimelibeba wiki nne. Nilimwandikia mkuu wa gereza. Nilimtaja Nyundo kwa jina lake na la baba yake. Nilidhani nampelekea mtu mkubwa siri ya mama. Nilipopata majibu yao nikayapeleka kanisani, tukamshukuru Mungu, Mchungaji akasema amina.

Jana nimemwonyesha Bi Lucinda nakala ya barua yangu. Ameisoma, akavua miwani, akaniambia, "Earlene, dada yangu, umefanya nini? Huko anayetaja jina kwa maafisa ndiye anayekufa. Na hawatasema ni mama aliyetaja. Watasema ni yeye aliyekutuma."

Kama ni mimi niliyekuchoma, niambie. Usinihurumie. Mkono ulikuwa wa mtu mwingine lakini nataka kujua kama kisu kilikuwa changu.

Mama

*

Tallow Creek
15 Mei 2018

Mama,

Umetaka kujua, basi nakuambia yote. Itanichukua siku tatu kuandika kwa mkono huu.

Afisa mmoja aliisoma barua yako kwenye ukumbi wa chakula. Alipanda juu ya benchi akaisoma kwa sauti ya kike. Alipofika kwenye mkate wa mahindi watu wakacheka, hata mimi nikajaribu kucheka. Alipofika kwenye jina la Dwight Purcell hakuna aliyecheka. Vijiko vilisimama.

Siku mbili baadaye, baada ya kifungua kinywa, walinikuta kwenye korido ya kufulia. Watatu. Wawili walinishika, Nyundo akawa na chuma cha kitanda alichokisugua sakafuni mpaka kikawa sindano. Alinichoma begani, akachoma tena palepale, akachoma ubavuni mara mbili. Hakuwa na haraka. Alikuwa ananiuliza swali kila akichoma. "Siku ngapi, mwanasheria? Siku ngapi?"

Mama, swali lake lilikuwa la haki. Hilo ndilo sikukwambia. Mahakama haikuyatupa makaratasi yake kwa sababu ya uonevu. Ilikuwa na mwaka mmoja wa kupokea rufaa, na mimi nilianza kuhesabu tangu siku alipopata barua ya hukumu mkononi. Unatakiwa kuhesabu tangu siku hakimu alipogonga muhuri. Nilichelewa siku kumi na moja. Nyundo ana kifungo cha maisha, na lile lilikuwa tundu lake la mwisho la kupumulia. Nililiziba kwa ujinga wangu, halafu nikamwambia mahakama imemwonea. Humu ndani wafungwa wanaojua kusoma ndio mawakili wa wengine, wanatulipa tambi za pakiti na stempu, na tunawaua taratibu kwa tusiyoyajua. Ndiyo maana nautaka huu mtihani. Si kwa ajili ya kofia yako ya kanisani.

Na hili nalo ulijue. Mfukoni nilikuwa na penseli ya mazoezi, ile ya mbao, kwa sababu mtihani hauruhusu kalamu. Mkono wa kushoto ulipoponyoka nikamchoma nayo usoni. Ilivunjika ndani. Jicho lake la kushoto limekwisha. Nilimsikia akilia kama mtoto na nilitaka kumchoma tena, Mama. Nilikuwa na nusu ya penseli mkononi na nilitaka. Afisa alipofika ndipo nikaiacha. Kamati imesema nilijihami. Mimi sijui niseme nini.

Basi. Tarehe 31 Mei nisaini kuhama au kubaki. Nikibaki ni chumba cha peke yangu mpaka mtihani, na wanasema basi linalofuata la Marlow litakuwa Oktoba. Nimeamua kuhama. Nakuandikia hoja yangu ili uipate: Mama anataka niwe hai. Tallow Creek kuna visu. Kwa hiyo niende Marlow, nisifanye mtihani.

Kisu hakikuwa chako. Ulichoandika ni kwamba napenda mkate wa mahindi, na ni kweli.

Cordell

*

Haskew
22 Mei 2018

Mwanangu Cordell,

Nimesoma. Nimetapika kwenye sinki, nimeosha sinki, nimesoma tena.

Kuhusu Nyundo sitakuambia neno la kukubembeleza. Ana mama mahali fulani. Nimejaribu kumwombea nikashindwa, nikamwombea mama yake. Hapo nimeweza.

Na ulivyotaka kumchoma tena, nimekaa na hilo. Nilikuwa nasema kanisani kwamba mwanangu si mtu wa hivyo. Sitasema tena. Wewe ni mwanangu na ni mtu wa hivyo, na bado wali wako nauweka pembeni kila Jumapili.

Sasa hoja yako. Nimeichukua kiwandani, nimeiweka mfukoni mwa aproni, nimeikata kuku kwa kuku. Tangu Machi mimi ndiye ninayekuambia uhame. Nimeshaweka shuka mpya kwenye kochi kana kwamba watakuruhusu ulale. Nimeshamwambia msimamizi sitafanya kazi Jumamosi. Kwa hiyo ujue ninayesema haya ni mtu anayeitaka hoja yako iwe sahihi kuliko mtu yeyote duniani.

Ina yai bovu.

Umechukulia kwamba Marlow hakuna kisu. Nilichukulia hivyohivyo. Nimemwuliza Bi Lucinda, ambaye Jerome wake amehamishwa mara tatu. Akasema, "Jina hufika kabla ya basi." Nyundo ana binamu wawili Marlow. Ile barua yangu iliyosomwa juu ya benchi itashuka kabla yako, itakutandikia kitanda. Kule utakuwa kwenye bweni la wazi na watu mia na ishirini. Tallow Creek una mlango unaofungwa.

Uliniambia nisilete mambo ya nje. Najua. Lakini wewe ndiye uliyeacha binamu nje ya karatasi.

Basi nimefanya hivi, sijui kama wanaruhusu. Nimeandika Tallow Creek upande mmoja na Marlow upande wa pili, nyuma ya bahasha ya bili ya umeme. Kisu nikakiandika pande zote. Kilichoko pande zote nikakifuta pande zote. Jumamosi zangu nikaziandika upande wa Marlow, nikaziangalia muda mrefu sana. Upande wa Tallow Creek ikabaki penseli.

Cordell, Jumamosi ni zangu. Penseli ni yako. Na ni ya yule mtu mwingine ambaye siku zake hazijahesabiwa vibaya bado.

Sikuambii ufanye nini. Nilishakuamulia mara moja na ukachomwa mara nne. Nakuambia tu kwamba hoja ikianza na "Mama anataka", kosa liko hapohapo mwanzoni, maana hukuniuliza. Mama anataka uwe hai, ndiyo. Lakini siku ile uliinua miguu ukaendelea kuandika, na mimi niliposikia hivyo niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, na pia nilijua nimezaa nani.

Mama

*

Tallow Creek
31 Mei 2018

Mama,

Nimesaini kubaki.

Maafisa walikataa nipewe penseli ya mbao, na sababu unaijua. Bi Odom akakaa ofisini kwao siku mbili, mkoba magotini, kama mtu anayesubiri daktari. Wamekubali. Zitakatwa ziwe na urefu wa kidole gumba na zitahesabiwa kabla na baada. Afisa mmoja amemwambia, "Bibi, kijana wako atamtoa mtu jicho." Akamjibu, "Atafanya sehemu tano, dakika thelathini na tano kila moja. Hatakuwa na nafasi."

Nafanya mazoezi kwa mkono wa kushoto. Nawahi kumaliza maswali manne kati ya matano.

Jana Nyundo alipitishwa kwenye korido yangu na bandeji usoni. Alisimama mlangoni. Nikamwambia kupitia tundu la chakula, "Siku kumi na moja. Nilikosea mimi, si mahakama." Alikaa pale mpaka wakamvuta. Hakusema kama amenisamehe wala kama ataniua. Nimelala kidogo.

Saa tatu asubuhi, Jumatatu, tarehe 11.

Cordell

*

Haskew
11 Juni 2018

Mwanangu,

Leo sikwenda kazini. Nimempigia msimamizi nikamwambia nina mtihani. Akasema, "Earlene, wewe? Mtihani wa nini?" Nikasema wa sheria. Akakata simu akidhani nimelewa.

Nimeondoa kila kitu mezani. Nimevaa gauni la Pasaka. Nimeweka ile saa ya jikoni ya kuokea mikate kwenye dakika thelathini na tano, na saa tatu kamili nimeizungusha. Nimekaa. Sikuandika, sikuomba hata, nilikaa tu kwenye kiti kigumu kama chako. Kila nikisikia mlango wa gari huko nje nainua miguu.

Sehemu ya kwanza imepita. Ya pili imepita. Kwenye ya tatu watoto wa jirani wakapigana nyuma ya uzio, mmoja akalia kweli, na sikwenda kutazama. Bi Odom hakufungua mlango siku ile na nilimchukia miezi miwili. Leo nimemwelewa, na sijui kama nafurahi kumwelewa.

Simu haijalia. Huko kwenu mtu akiuawa ofisi hupiga simu kabla ya saa nane mchana, Bi Lucinda ameniambia. Sasa ni saa sita kasoro.

Hii naiandika kwenye sehemu ya tano. Mkono wangu unauma, wako sijui. Sijui kama uko kwenye kile kiti au sakafuni mlangoni. Sijui kama zile tatu umezipata. Mkate wa mahindi uko ndani ya jiko, nimeuweka bila saa, kwa sababu saa unaitumia wewe, kwa hiyo utaungua na niuache uungue.

Dakika mbili. Usirudi kwenye maswali uliyoruka, chagua chochote, jaza.

Moja.

Kengele imelia, Cordell. Weka penseli chini.

Mama yako,
Earlene